Florence Nightingale: Mwanamke wa taa aliyepigania dirisha la mgonjwa

Ifikapo tarehe 12 Mei kila mwaka, wauguzi wa Kenya, Tanzania, Uganda na wa nchi nyingine nyingi duniani huadhimisha siku yao. Katika sherehe nyingi huwashwa mishumaa au taa ndogo, na wauguzi hukariri kiapo cha kazi yao huku mwanga huo ukiwa mikononi mwao. Tarehe hiyo ni siku aliyozaliwa Florence Nightingale, Mwingereza aliyefariki mwaka 1910. Taa hizo ni kumbukumbu ya ile aliyoishika alipokuwa akipita usiku kati ya vitanda vya askari wagonjwa na majeruhi katika Vita vya Crimea.

Taa hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane hata kwa watoto wa shule. Hata hivyo, lipo jambo jingine alilolipigania kwa miaka mingi ambalo halitajwi sana katika sherehe hizo, nalo ni dirisha. Nightingale alishikilia kwamba mgonjwa aliyelala kitandani anapaswa kuona nje: anga, mti, ua, mwanga wa jua unaobadilika kuanzia asubuhi hadi jioni. Kwake yeye hayo hayakuwa mapambo ya chumba. Yalikuwa sehemu ya tiba, kama chakula safi na hewa safi. Alilijua jambo hilo kwa kuwatazama wagonjwa, na alilijua pia kwa kulala yeye mwenyewe mahali ambapo hapakuwa na cha kutazama.

Binti wa mashamba na mito

Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, wakati wazazi wake walipokuwa safarini, naye akapewa jina la mji huo. Dada yake mkubwa, aliyezaliwa Naples, alikwishapewa jina la kale la Kigiriki la mji huo, Parthenope. Familia yao ilikuwa na utajiri mkubwa. Waliporejea Uingereza waligawanya mwaka kati ya nyumba mbili za mashambani: Lea Hurst katika jimbo la Derbyshire, iliyojengwa kwenye mteremko ulio juu ya bonde la mto Derwent, na Embley Park katika jimbo la Hampshire, karibu na misitu ya kusini.

Msichana huyo alikua akitazama milima, malisho na bustani kutoka kila chumba alicholala. Baba yake aliwafundisha mabinti zake lugha, historia na falsafa, na Florence akavutiwa mno na hisabati. Aliwapenda pia wanyama. Mwaka 1850, alipokuwa Athens, aliokoa kinda la bundi kutoka mikononi mwa watoto, akampa jina la Athena na kumbeba mfukoni kwa miaka kadhaa. Bundi huyo alikufa mwaka 1854, katika siku zile zile mwenye kumfuga alipokuwa akijiandaa kwenda vitani.

Akiwa na umri wa miaka 16, Florence alisadiki kwamba Mungu amemwita kumtumikia. Miaka ilipopita alitambua kwamba utumishi huo ni kuwauguza wagonjwa. Wazazi wake walikataa katakata. Katika Uingereza ya wakati ule hospitali zilikuwa mahali pa maskini, zenye uchafu na harufu, na kazi ya uuguzi haikuwa na heshima. Mwaka 1845 alipoomba kwenda kujifunza katika hospitali ya Salisbury, alizuiwa. Ilimlazimu kungoja hadi miaka ya 1850 na 1851 ndipo alipopata nafasi ya kukaa Kaiserswerth nchini Ujerumani, kwenye taasisi ya Kikristo iliyofundisha wanawake kuwahudumia wagonjwa. Mwaka 1853 alipewa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake jijini London. Mwaka mmoja baadaye vita vikamwita.

Scutari

Vita vya Crimea viliwakutanisha Waingereza, Wafaransa na Waturuki wa dola ya Uthmaniya dhidi ya Warusi. Mwaka 1854 magazeti ya London yalianza kueleza jinsi askari wa Uingereza walivyokuwa wakifa bila matunzo. Waziri Sidney Herbert, aliyekuwa rafiki wa Nightingale, alimwomba aongoze kundi la wauguzi wanawake. Aliondoka mwezi Oktoba akiwa na wanawake 38, na mapema Novemba wakafika Scutari, ng'ambo ya mlangobahari wa Bosphorus, mahali ambapo leo ni sehemu ya jiji la Istanbul.

Hospitali waliyoikuta ilikuwa kambi kubwa ya jeshi iliyogeuzwa kuwa mahali pa wagonjwa. Chini yake palikuwa na mashimo na mifereji ya maji machafu iliyoziba. Wagonjwa walilala kwa safu ndefu, wengine sakafuni, katika korido zilizojaa hadi pasiwe na nafasi ya kupita. Askari wengi hawakufa kwa risasi wala kwa mabomu. Walikufa kwa kuhara, kipindupindu na homa. Mwezi Februari 1855, kwa hesabu zilizotolewa baadaye, takriban wagonjwa 42 katika kila 100 waliotibiwa Scutari walipoteza maisha.

Mwezi Machi serikali ilituma tume ya usafi. Mifereji ilizibuliwa, mizoga ikaondolewa, kuta zikapakwa chokaa na hewa ikaruhusiwa kuingia. Kufikia Juni vifo vilikuwa vimeshuka hadi takriban wagonjwa 2 katika kila 100. Wanahistoria wanajadiliana hadi leo kuhusu kiasi cha sifa anachostahili Nightingale na kiasi kinachostahili tume hiyo. Wengine wanakumbusha pia kwamba hakuwa mwanamke pekee aliyewahudumia askari: Mary Seacole, mzaliwa wa Jamaica, alijigharimia safari yake na kufungua nyumba ya mapumziko na matunzo karibu na Balaklava. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba Nightingale aliondoka Scutari akiwa na somo ambalo hakulisahau: jengo lenyewe linaweza kumwua mgonjwa, na jengo lenyewe linaweza kumsaidia kupona.

Kibanda cha mbao na shada la maua

Mwezi Mei 1855 Nightingale alivuka Bahari Nyeusi kwenda Crimea kukagua hospitali za mstari wa mbele. Siku chache baada ya kufika Balaklava alishikwa na homa kali. Alibebwa kwa machela hadi hospitali iliyokuwa kwenye miinuko iliyo juu ya bandari, akalazwa katika kibanda cha mbao. Kwa siku kadhaa ilidhaniwa kwamba hatapona. Wachunguzi wa leo wengi wanaamini kwamba alipatwa na brusela, ugonjwa unaoenezwa na maziwa mabichi ya mifugo, ambao wafugaji wa Afrika Mashariki wanaujua vyema.

Katika kibanda kile muuguzi aligeuka kuwa mgonjwa, na jambo alilokuwa akiliona kwa wengine likamfika yeye mwenyewe. Baadaye aliandika jinsi mgonjwa wa homa anavyoteseka katika kibanda ambamo hawezi kuona nje, na kilichobaki mbele ya macho yake ni vifundo vya mbao ukutani. Waswahili husema macho hayana pazia: yakiwa wazi, hutafuta cha kutazama. Mwenye afya akichoshwa na ukuta huinuka akatoka. Aliyelala kwa homa hana pa kwenda, na akili yake hurudi kwenye vifundo vile vile, saa baada ya saa, hadi viwe sehemu ya ugonjwa.

Kisha mtu mmoja akamletea shada la maua ya mwituni. Nightingale alikumbuka maisha yake yote kwamba tangu wakati ule kupona kwake kulianza kwenda haraka zaidi. Hakudai kwamba maua yale yaliiua homa. Alichosema ni kwamba aliyaona mabadiliko hayo mwilini mwake, na aliwaona wagonjwa wengine wa homa wakifurahia maua yenye rangi angavu kwa furaha ambayo mtu mzima hawezi kuielewa kwa urahisi.

Hospitali iliyoipa bahari kisogo

Nightingale alirudi Uingereza mwezi Agosti 1856. Taifa lilitaka kumshangilia, lakini alikwepa mapokezi na kuingia nyumbani kimya kimya. Alichotaka ni kuzuia yale ya Scutari yasitokee tena, na mtihani wa kwanza ulikuwa umekwisha kuanza kujengwa.

Mwezi Mei mwaka huo Malkia Victoria alikuwa ameweka jiwe la msingi la hospitali kuu ya jeshi huko Netley, kwenye ufuo wa ghuba ya Southampton. Lilikusudiwa kuwa jengo la fahari, lenye urefu wa zaidi ya mita 400, ambalo kila meli iliyoingia bandarini ingeliona. Waziri wa Vita alimpelekea Nightingale michoro yake ili atoe maoni.

Aliifungua michoro, akaona kosa mara moja. Upande wa mbele, ule uliotazama maji na kupokea jua la mchana, palipangwa korido ndefu kutoka mwanzo wa jengo hadi mwisho. Vyumba vya wagonjwa viliwekwa nyuma, kaskazini-mashariki, vikiwa vidogo vidogo na vimefungiwa mbali na upepo wa bahari. Kwa maneno mengine, mandhari na mwanga vilipewa njia ya kupitia watu, naye mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani akapewa upande wa ua wa nyuma.

Alipinga. Aliandika ripoti akieleza madhara ya mpango huo kwa hewa, mwanga na utulivu wa wagonjwa. Alipoona kwamba wizara inasitasita, alimwendea Waziri Mkuu, Lord Palmerston, ambaye shamba lake lilipakana na maeneo ya familia ya Nightingale huko Hampshire. Palmerston alishawishika kabisa. Alimwandikia Waziri wa Vita kwa ukali, akilalamika kwamba uponyaji wa wagonjwa umetolewa mhanga ili msanifu ajenge jengo la kupendeza macho ya wapita njia. Alikuwa tayari kuona ujenzi ukisimamishwa.

Haukusimamishwa. Misingi ilikwisha wekwa, fedha nyingi zilikwisha tumika, na wizara haikutaka aibu ya kubomoa jengo ambalo malkia mwenyewe aliliwekea jiwe. Marekebisho machache yalifanywa, lakini umbo lilibaki lile lile. Hospitali ya Netley ilifunguliwa mwaka 1863, na vizazi vya askari, wakiwemo majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, walilazwa humo wakiwa karibu na bahari nzuri ambayo kutoka vitandani mwao hawakuweza kuiona. Jengo kuu lilibomolewa mwaka 1966. Kanisa dogo lililokuwa katikati yake liliachwa, nalo limesimama hadi leo.

Kitabu cha kila nyumba

Kushindwa kwa Netley kulimfundisha Nightingale kwamba haitoshi kuzungumza na mawaziri. Mwishoni mwa mwaka 1859 alichapisha kitabu kidogo kuhusu uuguzi. Hakukiandika kwa ajili ya wauguzi wa hospitali, kwa kuwa wauguzi waliosomea kazi hiyo walikuwa bado wachache. Alikiandika kwa ajili ya kila mwanamke anayemtunza mtoto, mume au mzazi mgonjwa nyumbani. Mwaka 1861 lilitolewa toleo la bei nafuu kwa ajili ya wafanyakazi wa kipato cha chini.

Katika kitabu hicho hewa safi ndiyo inayotangulia. Mara baada yake huja mwanga, na hasa mwanga wa jua. Nightingale alieleza kwamba wagonjwa hugeuza nyuso zao kuelekea dirishani kama mimea inavyogeukia mwanga, hata pale ambapo kulalia upande huo kunawaumiza. Alishauri kitanda kiwekwe mahali ambapo mgonjwa ataona nje bila kujinyanyua. Iwapo hawezi kuona kitu kingine, aone walau anga.

Aliitenga sura nzima kuzungumzia haja ya mgonjwa kubadilishiwa anachokiona. Alisema mwenye afya hawezi kukisia adha ya kutazama kuta zile zile na dari ile ile kwa wiki au miezi. Umbo la vitu, rangi na mwanga, kwa maoni yake, havigusi moyo peke yake; vina nguvu ya wazi juu ya mwili pia. Alikiri kwamba namna vinavyofanya kazi haijulikani vyema, lakini akasisitiza kwamba matokeo yake yanaonekana.

Aliwashambulia pia wale waliokuwa wakiondoa maua chumbani kwa madai kwamba yanachafua hewa usiku. Alijibu kwamba hewa mbaya itokayo kwenye maua machache ni ndogo mno, na kwamba watu waliosongamana chumbani huichafua hewa kuliko mmea wowote. Alionya tu kuhusu maua yenye harufu kali. Kwa wagonjwa wa muda mrefu alipendekeza hata ndege mdogo wa kufugwa, awe mwenzi wa kutazamwa na kusikilizwa.

Mengi ya mashauri hayo hayakuhitaji fedha. Kugeuza kitanda ni kazi ya watu wawili kwa dakika chache, na kufungua pazia ni kazi ya mkono mmoja. Nightingale alijua kwamba wengi wa wasomaji wake hawakuwa na bustani wala mto wa Derwent mbele ya nyumba zao, na hakuwataka wawe navyo. Aliwataka watumie kilichopo.

Kutoka maneno hadi matofali

Kwa upande wa hospitali alikuwa na madai mazito zaidi. Katika kitabu kingine cha mwaka 1859 alieleza namna wodi inavyopaswa kujengwa: jengo refu na jembamba, lililotengwa na mengine, lenye madirisha pande zote mbili ili hewa na mwanga vipenye. Angalau dirisha moja kwa kila vitanda viwili. Kingo za chini za madirisha ziwe futi 2 au 3 tu kutoka sakafuni, ili aliyelala aweze kutazama nje.

Safari hii alisikilizwa. Hospitali ya kijeshi ya Woolwich, iliyopewa jina la rafiki yake Sidney Herbert na kukamilika mwaka 1865, ilijengwa kwa mpango huo. Mwaka 1871 Malkia Victoria alifungua majengo mapya ya hospitali ya St Thomas' jijini London, yakiwa yamepangwa kwa safu kando ya mto Thames, mkabala na Bunge. Hospitali hiyo ndiyo iliyobeba shule ya wauguzi ambayo Nightingale aliianzisha mwaka 1860 kwa fedha zilizochangwa na wananchi kwa heshima yake. Wanafunzi wa shule hiyo walisambaa katika nchi nyingi, na mtindo wa wodi ndefu zenye madirisha mengi ukasambaa pia.

Wakati huo huo alitumia hisabati aliyoipenda tangu utotoni. Alichora takwimu za vifo vya Crimea kwa michoro ya rangi ili hata mbunge asiyependa hesabu aelewe kwamba maradhi yaliyoweza kuzuilika yaliua askari wengi kuliko adui. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika Chama cha Takwimu cha Uingereza.

Nightingale hakuwa sahihi katika kila jambo. Kwa miaka mingi aliamini kwamba maradhi hutokana na hewa iliyooza, na alichelewa kukubali kwamba vijidudu ndivyo vinavyoyaeneza. Sababu alizozitoa mara nyingine zilikuwa za zama zake, ingawa maelekezo aliyoyatoa, usafi, hewa na kutosongamana, yaliokoa maisha. Kuhusu dirisha alikuwa na uangalifu zaidi: alieleza alichokiona na akaacha sababu zake kwa watakaokuja.

Miaka mingi chumbani

Jambo la kusikitisha katika maisha ya mwanamke huyu ni kwamba ile homa ya Crimea haikumwacha kabisa. Mwaka 1857, akiwa na umri wa miaka 37, alianguka kwa udhaifu na maumivu yaliyorudi mara kwa mara. Kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata hakuweza kuishi kama watu wengine. Alifanya kazi akiwa kitandani au kwenye kochi, akiwaita mawaziri waje kwake, akiandika ripoti kuhusu afya ya jeshi nchini India, na kutuma maelfu ya barua.

Hivyo, mashauri aliyowapa wagonjwa wa muda mrefu yalikuwa pia maisha yake. Tangu mwaka 1865 aliishi katika nyumba ya mtaa wa South Street jijini London, hatua chache kutoka bustani kubwa ya Hyde Park, akiwa na paka zake. Mwanamke aliyewahi kuvuka bahari alipata ulimwengu wake wa kila siku kupitia dirisha la chumba cha kulala.

Uzee ulimnyang'anya hata hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 macho yake yalififia hadi akawa kipofu. Mwaka 1907 Mfalme Edward wa Saba alimpa nishani ya juu ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuipata kabla yake, lakini kufikia hapo kumbukumbu zake nazo zilikuwa zikipotea. Alifariki katika chumba chake tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Familia ilipewa nafasi ya kumzika Westminster Abbey, penye makaburi ya wafalme, ikaikataa kwa kufuata matakwa yake. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la kijiji cha East Wellow, karibu na Embley, katikati ya mashamba aliyoyatazama akiwa msichana.

Ukuta wa matofali na miti

Ushahidi uliopimwa kwa namba ulikuja miaka mingi baada ya kifo chake. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha katika jarida la Science uchunguzi mfupi uliofanywa katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania. Hospitali hiyo ilikuwa na vyumba vinavyofanana karibu kwa kila kitu. Tofauti ilikuwa nje ya dirisha: vyumba vingine vilitazama kikundi cha miti, vingine vilitazama ukuta wa matofali ya kahawia.

Ulrich alipitia kumbukumbu za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo kati ya mwaka 1972 na 1981. Alichukua zile za miezi ambayo miti huwa na majani tu, akawapanga wagonjwa 46 katika jozi 23 za watu wanaolingana kwa umri, jinsia na mambo mengine yanayoathiri afya. Waliotazama miti walikaa hospitalini kwa wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji. Waliotazama ukuta walikaa siku 8.70. Waliotazama miti waliomba dozi chache zaidi za dawa kali za maumivu, na wauguzi waliandika maelezo machache zaidi kuhusu wao kuwa na huzuni au kulalamika.

Idadi hiyo ni ndogo, na mwandishi mwenyewe alitahadharisha kwamba matokeo yake hayamaanishi kila mandhari ya majengo ni mabaya. Huenda mtaa wenye pilikapilika ukamfaa mgonjwa aliyechoshwa na upweke kuliko ukuta mtupu. Hata hivyo, uchunguzi huo ulifungua mlango. Tangu hapo watafiti wa nchi mbalimbali wameendelea kupima jinsi kuona miti, maji na majani kunavyohusiana na mapigo ya moyo, msongo wa mawazo na usingizi, si kwa wagonjwa tu bali pia kwa wanafunzi, wafanyakazi na wakazi wa miji.

Suala hilo halihusu Uingereza na Marekani peke yake. Miji ya Afrika Mashariki inakua kwa kasi. Mwembe hukatwa ili kipatikane chumba kimoja zaidi cha kupangisha, na dirisha la chumba hicho mara nyingi hutazamana na ukuta wa jirani kwa umbali wa hatua moja. Katika hospitali nyingi za zamani za eneo hili bado kuna varanda na miti uani, na aliyewahi kuuguza ndugu anajua jinsi mgonjwa anavyoomba kutolewa nje akae kivulini mara tu anapopata nguvu za kuketi. Ombi hilo huchukuliwa kuwa dalili kwamba anaanza kupona. Nightingale angeongeza kwamba kumkubalia ni sehemu ya kumponya.

Wauguzi watakaowasha mishumaa yao tarehe 12 Mei wataiwasha kwa haki, kwa kuwa mwanamke huyo alikesha na wagonjwa. Lakini zamu ya usiku huisha kunapokucha. Taa huzimwa, na muuguzi hubaki na kazi ndogo ambayo Florence Nightingale aliitaka ifanywe katika kila wodi na kila nyumba yenye mgonjwa: kufungua pazia, na kukisogeza kitanda hadi aliyelala aweze kuona nje.